Sauti ya Mama Uliyoiita Kelele

Darajani, Unguja
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Anwar,

Sauti ya mama imetupotea tangu Jumamosi ya tarehe 27 Septemba, siku uliponitumia kwenye simu rekodi ya ile kaseti tuliyoikuta kabatini mwa marehemu baba, uliyoichukua baada ya Idi ukaisafishe Maskati. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi.

Assalamu alaykum. U mzima? Wifi yangu Shaima na watoto hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi, na duka la sufuria linakwenda.

Sasa nisikilize. Upande ule una dakika thelathini. Ulizonitumia ni ishirini na moja. Tisa ziko wapi? Umeniandikia, "Fundi katoa kelele zote, kimebaki kipindi kitupu." Fundi wako hajui Kiswahili, simlaumu. Nakulaumu wewe, hukukaa ukasikiliza.

Kipindi cha nini, Anwar? Vile vijitu vya udongo vya kwenye televisheni vilikuwa vikilia kama vifaranga tu, neno havisemi. Vinakwenda kwa kushtukashtuka, alama za vidole vya aliyevifinyanga zinaonekana mashavuni, na sisi tumebanana mkekani Jang'ombe na watoto wa jirani. Aliyevipa maneno ni mama. Yule mnene akiingia tu: "Hodi mwenye nyumba, mie nshakula kwangu, lakini hiyo halua naiona." Na yule mwembamba: "Ushaiona, basi inatosha." Watoto hoi kwa kicheko. Niliiweka redio kaseti mbele ya televisheni nimrekodi yeye, si vile vidude.

Mwaka uliofuata akafariki, mdogo wetu Maryam bado ananyonya. Mimi na wewe tunamkumbuka akisema. Maryam hana hata neno moja. Nilimwahidi kwamba kaseti ikishatengenezwa atamsikia, na sasa kila siku anapiga kutoka Mkokotoni: "Dada, imefika?" Namwambia bado. Naona haya.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa mwanangu Talib barua hii akukabidhi mkononi. Anarudi Ijumaa tarehe 24, na Maryam nshamwita siku hiyo.

Nisalimie Shaima, na mwanao Qais mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mola akujaalieni afya na riziki ya halali.

Nataka neno moja. Ule utepe wenyewe upo, au fundi kautupa? Ukiwapo, mpe Talib. Usipokuwapo, andika hivyo kwa mkono wako mwenyewe, nimsomee Maryam Ijumaa hiyo kabla ya sala. Mimi sitamwambia kwa niaba yako.

Wako akupendaye hata kwa hasira,
Dada Mwatima