Neno Nililompa Zuhura Kuhusu Gari

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Najua ungeitikia, halafu ungeniangalia kwa jicho lako lile kuona leo nimekuja na lipi.

Ufuta wako wa Msowero tulivuna, tukauza. Hela anayo mwanao Zuhura, kama ulivyotaka, anunue kigari aache kwenda kazini Mikumi kwa bodaboda. Nyumba yako nimeiezeka bati upya, peke yangu, siku moja. Haya, siku tatu, na fundi alikuwepo.

Dada, kuna jambo. Unakumbuka nimekaa mkekani pembeni ya kitanda chako, Zuhura akauliza anunue haibridi, haya magari ya petroli na betri, ya kawaida au ile ya kuchomeka umeme? Mwenyewe alishapenda ya kawaida. Nikadakia. Nikasema nimeziendesha zote mbili, Mikumi mpaka Morogoro, na ile ya kuchomeka ilikwenda kimya hadi nikawapita tembo hawajageuka. Nikasema mtoto wa dada yangu hanunui ya kawaida wakati kubwa yake ipo.

Miaka yote ulikuwa unanikata hapo hapo: "Shomari, hilo la kweli au la kwako?" Siku ile hukuuliza. Ulikuwa umechoka. Ulimshika Zuhura mkono ukasema, "Fuata neno la mjomba wako." Siku ya tatu ukatutoka.

Sijaendesha hata moja, dada. Nilikuwa utingo wa lori. Usukani niliushika gari likiwa limeegeshwa.

Wiki iliyopita, pale Mikumi, nikaiona moja ya kuchomeka imesimama karibu na sheli. Nikamwomba dereva anieleze, na mimi nikanyamaza mtu akiongea, ungeshangaa. Akasema ya kawaida inajichaji yenyewe ikitembea. Ya kuchomeka ina betri kubwa, tamu kwa mwenye pa kuichaji kila siku. Ukikosa, unatembelea petroli huku umebeba ule mzigo bure. Akaniuliza, "Mzee, kwako unachomeka wapi?"

Nikakiona chumba cha Zuhura pale Mabwerebwere. Wapangaji wanne, luku moja. Akichomeka pasi tu, mama wa chumba cha pili anagonga ukuta: "Zuhura, unanyoosha kanzu za msikiti mzima?" Sasa achomeke gari, waya upite dirishani!

Nikamwambia Zuhura afikirie tena. Akajibu, "Mjomba, neno ulishatoa, na mama alisema." Unajua kwetu: mjomba akishasema juu ya mtoto wa dada yake, imekwisha. Ijumaa anakwenda kulipia. Anautii uongo wangu akidhani anakutii wewe. Jasho lako lote la shambani, dada, linakwenda kwenye maneno yangu ya kujisifu.

Nimejaribu kumwambia ukweli mara mbili. Kila nikifungua mdomo, tembo wanatokea.

Ndiyo maana nimeandika. Kesho asubuhi nampelekea karatasi hii, nakaa kimya mpaka aimalize. Akinidharau, nimestahili. Neno langu nalifuta hapa, achague mwenyewe. Na nakuahidi, akiniuliza tena jambo nisilolijua, nitasema sijui, hata kama wamekaa watu.

Pumzika, dada yangu. Siku ile hukuuliza, basi nakujibu leo: lile la gari lilikuwa la kwangu. Hili ni la kweli.

Mdogo wako,
Shomari