Mimi Ndiye Leseni ya Mpwa Wangu

"Kumrudishia mvuta bangi leseni yake ni kumpa zawadi kwa uhalifu." Ndivyo alivyoniandikia wiki jana msomaji mmoja wa Ikwiriri, kwa wino mwekundu, neno zawadi akalipigia mstari mara tatu. Alikuwa anamshambulia hakimu mmoja anayewaambia madereva waliokamatwa na bangi: kubali matibabu, yamalize, na adhabu ya leseni yako nitaifuta. Nilikuwa nimeshakaa kumjibu, ikaingia barua hii. Isomeni kwanza.

*Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama ni kucheka basi cheka kwanza umalize ndipo unijibu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, naishi Mahege, na nina mpwa wangu Nurdini, mwana wa dada yangu Mwanamkuu, anaendesha kirikuu inayobeba mihogo na abiria kutoka huku hadi Kibiti, sasa mwezi uliopita alikamatwa na misokoto minne ya bangi chini ya kiti, na kweli anavuta, bila kuvuta hata ufunguo hashiki, hakimu akamfungia leseni mwaka mzima, akamwambia ukikubali kwenda kliniki kila wiki kwa miezi minne na kupimwa mkojo, ukitoka safi leseni unarudishiwa na kesi inakwisha, ukikataa kesi inaendelea na jela ipo, akampa mwezi mmoja wa kufikiri, nao unaisha Jumatatu hii.*

*Badala ya kufikiri, Nurdini akaja kwangu akasema, "Mjomba, vaa kanzu, kaa mbele." Nikakaa. Mshauri, mimi si shehe, maisha yangu yote nimeuza kamba wabichi kutoka Mbwera, lakini nina ndevu nyeupe, na trafiki akiziona anainamisha kichwa, "Shikamoo shehe," nami namjibu marahaba, tunapita, dereva haulizwi kitu, wiki ya tatu sasa. Nikimwambia habari ya kliniki anacheka, "Leseni ya nini, mjomba, na wewe umekaa hapo?" Halafu mwenye gari, Mustapha, amemwambia akienda huko miezi minne usukani anampa mtu mwingine moja kwa moja.*

*Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, barabara imenyooka, hakuna gari jingine, Nurdini akaingia shamba la mihogo huku anaimba, na Zaitun muuza maandazi aliyekuwa nyuma akarushwa chini akavunjika mkono. Trafiki alipofika hakumuuliza dereva, aliniuliza mimi, "Shehe, ilikuwaje?" nikasema mbuzi alikatiza. Hapakuwa na mbuzi. Sasa kijiji kizima kinamtafuta mwenye mbuzi, na lawama zimemwangukia Mzee Dadi kwa sababu ndiye mwenye mbuzi wengi, kaka zake Zaitun wanamtukana mpaka msikitini, naye anapiga kelele, "Mbuzi wangu walikuwa wamefungwa! Njooni muwaulize wenyewe!" watu wanacheka, na mimi nimekaa hapohapo nahesabu tasbihi. Dada yangu analia, "Kaka, usimwache mwanangu barabarani peke yake." Na nikiri kila kitu, kuitwa shehe kumeninogea, na chai na chapati za Kibiti Nurdini ndiye anayeninunulia. Je, niendelee kumkinga mpaka mambo yapoe, au nimwache afungwe? Ficha jina langu.*

*Mzee wa kiti cha mbele, Mahege*

Shikamoo mzee. Nimecheka, nimemaliza. Sasa vua kofia nikuseme.

Unamkinga na nini? Na nesi mwenye kichupa? Umeniuliza kumkinga au kumwacha afungwe, kana kwamba hakimu hakusema neno jingine. Amesema, na umeliandika mwenyewe kwa mkono wako, halafu ukalipita kama lile shamba la mihogo.

Nurdini haogopi jela, hajaiona. Haogopi kufa, akivuta anaimba. Anachokitaka duniani ni kimoja, usukani. Hakimu amekiona, amekishika, anamwambia kifuate kwa daktari. Hila hiyo ni nzuri, na mimi huwa siwasifu mahakimu. Lakini inafanya kazi kwa mtu aliyekosa usukani. Mpwa wako hajaukosa hata siku moja, maana leseni ambayo hakimu anaiuza kwa miezi minne ya usafi, wewe unaigawa kwa chapati.

Na wewe bwana wa wino mwekundu, zawadi iko wapi? Miezi minne ya kukojoa kwenye kichupa huku mtu amesimama anakutazama? Kama ni zawadi, jiandikishe. Leseni hairudi siku ya kutia saini. Inarudi mtu akishapimwa na kuonekana safi, na hapo ndipo hukusoma. Ungependa anyimwe mwaka mzima? Kanyimwa. Matokeo yake unayaona kwenye mkono wa Zaitun.

Turudi kwako, mzee. Jina nimelificha, lakini Mahege ina kirikuu ngapi zenye babu wa kanzu mbele? Wanaojua kusoma wameshakujua. Kwa hiyo toka sasa hivi, usingoje chai. Nenda kwa Mzee Dadi, mjumbe awepo na kaka zake Zaitun wawepo, useme neno moja: nilidanganya. Usianze na hadithi ya barabara. Watakutukana, na matusi hayo ni yako, umemwazima Dadi kwa siku chache tu. Ukitoka hapo mwangalie Zaitun, kisha nenda polisi ukayasahihishe maelezo yako. Ndiyo, wanaweza kukushika. Umri wako haukuwazuia kukuamini, basi usikuzuie kuwajibika.

Nurdini mwambie kwamba kuanzia leo hupandi, na akiwasha gari unamtaja. Halafu kanzu hiyo usiitupe. Jumatatu ivae, ukae naye kwenye benchi la mahakama, na kila wiki kwenye benchi la kliniki, miezi minne yote. Atakununia. Wacha anune. Dada yako Mwanamkuu aliomba mwanawe asiwe peke yake, na huko ndiko atakakokuwa peke yake usipokwenda.

Limebaki jambo moja ambalo wewe na hakimu hamliwezi. Kijana anaambiwa asafishike ili arudishiwe leseni, na papo hapo anaambiwa gari litapewa dereva mwingine moja kwa moja. Leseni hiyo ataitumia kuendesha nini, kitanda? Hapo simlaumu kwa kusita.

Basi nasema nanyi wenye magari wa Kibiti, Ikwiriri na Mloka, mnaojua nani anavuta na mkanyamaza alimradi mzigo umefika. Dereva wako akileta karatasi ya kliniki, weka mwingine mwenye leseni kwa miezi hiyo, na mwenye nafasi umtunzie nafasi yake. Na wewe Mustapha, wala sikuzunguki: Jumatatu saa mbili asubuhi uwe mahakamani, usimame mbele ya hakimu, na useme kwa mdomo wako, Nurdini akisikia, kwamba siku atakayotoka safi ufunguo ni wake.