Kwa Nini Ntwiga Aliacha Lango

Murithi,

Sijui kama huko uliko wanapokea barua za malalamiko, lakini hii hapa ya kwanza. Miezi minne sasa umelala kando ya migomba ya mama yako hapa Mitunguu, na mimi, Kendi wako wa kuchora, bado sielewi ulichoniachia.

Kompyuta yako ninayo. Mama yako alinipa baada ya mazishi, pamoja na daftari lako la kijani. Akasema, "Chukua, mwari wangu, mimi hizo vitu hata kuwasha sijui." Mchana naandika mabango ya bucha na saluni kama kawaida. Jioni nafungua gemu letu. Joka liko tayari, linatoa moshi vizuri. Kaburi la Ntwiga pia nimelimaliza, lile ambalo mchezaji analikuta mwanzo kabisa. Shingo ya Ntwiga mwenyewe nimeipunguza. Nakumbuka ulivyonicheka: "Jina ni Ntwiga, sawa, lakini usinichoree twiga bana!"

Kimebaki kitu kimoja tu, na bila hicho gemu haliwezi kutoka. Ntwiga alikuwa mlinzi wa maji, shujaa wa kijiji kizima. Kisha siku moja, mchana kweupe, akaacha lango wazi akaenda zake. Joka likanywa mto wote. Akarudi, akapigana nalo peke yake, akafa. Mchezaji lazima ajue aliondoka kwa nini. Nilikuuliza mara ngapi? "Wewe chora tu, Kendi. Hiyo sehemu niachie, nitaandika mwenyewe."

Basi nimesoma daftari. Umeandika mara mbili! Ukurasa mmoja unasema Ntwiga aliogopa, akakimbia. Ukurasa wa pili unasema alisikia mtoto akilia korongoni, akaenda kumwokoa. Mwandiko wote ni wako, na hakuna ulichokata. Nishike upi? Wiki moja nilibadilisha mara tatu. Nikaanza kukuchukia kidogo, unisamehe.

Jumapili iliyopita nilipita kwa mama yako baada ya kanisa, nikamsomea yote. Nilidhani atasema ni mambo ya vijana. Akaacha kumenya ndizi. Akasema, "Huyo ni mzee wangu."

Murithi, mbona hukuwahi kuniambia habari ya baba yako na ile koki ya maji ya mashamba? Kwamba ilikuwa zamu yake ya maji, na hapa hata mtoto anajua mwenye zamu hatoki kwenye koki mpaka amkabidhi anayefuata. Yeye aliiacha wazi, akatoweka hadi saa kumi. Shamba lenu likafurika, na majirani wa chini, waliokuwa wamehamisha miche ya nyanya asubuhi hiyo, hawakupata hata tone. Miche ikafa kwa jua. Wazee wa maji wakamtoza mbuzi. Akatoa mbuzi bila kubisha, na alikokuwa hakumwambia mtu hadi anakufa.

"Mimi nilimuuliza mpaka nikachoka," mama yako akasema. "Murithi naye akauliza. Mzee alinyamaza tu."

Kumbe hukunificha kitu. Hukujua! Ulikuwa unamjaribishia baba yako sababu kama koti, mara hii, mara ile, na hakuna iliyomkaa. Nilipotoka hapo nilisahau hata Biblia yangu mezani.

Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kwa sababu hata wewe, Murithi. Uliniambia ni tumbo tu, umepewa dawa, Jumatatu tunaendelea. Mama yako anasema ulijua tangu mwaka jana kwamba huponi. Miezi yote hiyo ulinikalisha kwenye kompyuta ambayo zamani ulinikataza hata kuigusa, ukinifundisha kila kitu, na mimi mjinga nikafurahi, nikadhani sasa umeniamini. Kwa nini hukusema? Uliogopa? Au ulinihurumia? Siku nyingine nina hakika ni hili, kesho yake nina hakika ni lile. Nimekasirika, nimekukumbuka, sijui hata kipi kinatangulia.

Gemu nitalitoa. Nimeamua hivi, na ukikasirika shauri yako. Sitaandika kwamba Ntwiga aliogopa, wala sitamtafutia mtoto wa kuokoa. Mchezaji akifika kaburini atamkuta mwanamke amekaa hapo. Akimuuliza, mwanamke atamjibu: "Kwa nini aliondoka, sijui. Mimi nimekuja kumlilia tu."

Kwaheri, rafiki yangu. Mama yako nitamtazama kila Jumapili. Na huyo mwanamke, nakuahidi, nitampa uso wangu.

Kendi