Figo Zinazokesha

Jumatatu, 4 Machi

Usiku wangu wa kwanza kumlinda Chiriku hospitalini. Mdogo wangu huyu hajanyamaza tangu azaliwe, ndiyo maana tukamwita hivyo. Lakini giza la wodi linamtisha, na Mama magoti yamegoma. Basi ni mimi. Mchana nashona makochi, usiku nakaa kwenye kiti ambacho aliyekitengeneza angehukumiwa kukikalia mwenyewe.

Kilichonishangaza – mkojo! Nimekwenda chooni mpaka nikaona haya. Nyumbani nikilala nimelala, mpaka asubuhi. Hapa nimekaa macho, na kazi yangu imekuwa kuinuka na kurudi. Na chai nilikunywa kikombe kimoja tu, tena jua halijazama.

Chiriku hana shida hiyo. Figo zake zimekufa zote mbili. Damu inasafishwa na mashine, mkojo aliuaga mwaka jana. Maji anapimiwa kwa kikombe kidogo. Mimi yangu nakwenda kuyanywea koridoni kama mwizi.

Jumatano, 6 Machi

Mama anasema ni baridi ya sakafu, inapanda miguuni mpaka kwenye kibofu. Nimevaa soksi mbili mbili. Mwenzangu wa karakana anasema ni kiti, kinabana mshipa. Hilo likaniingia akilini, maana kiti ni mambo yangu. Nimebeba sponji na kitambaa, nikakishona upya pale pale wodini, nesi akinitazama kwa jicho la pembeni. Sasa ni kiti cha waziri.

Nimekojoa vilevile.

Choo kiko ndani ya chumba, karibu na kitanda cha Chiriku. Nilipoinuka akanishika shati.

"Kaka, acha mlango wazi kidogo. Nataka kusikia tu."

Jamani, mimi ni kaka yake! Nikafunga mlango. Halafu nikafungulia maji kwenye sinki, yalie kidogo, aridhike.

Nilipotoka alikuwa anacheka peke yake. "Hilo ni bomba," akasema. "Sijasahau, mwenzio."

Nikacheka naye. Kisha nikaenda koridoni kunywa maji, nikakirudisha kikombe kikiwa kimejaa.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimemkumbuka Baba. Alianza hivi hivi. Kuamka, mlango, kandambili uani, kurudi, kuamka tena. Tulimtania. Kumbe ilikuwa sukari, na ilipojulikana ilikuwa imeshamla.

Na mimi ndiye ninayempa Chiriku figo. Vipimo vilishapita, damu zetu zinapatana, upasuaji ni Jumanne ya tarehe 19. Mwenye sukari hatoi figo. Daktari alilisema siku ya kwanza, na hakulirudia. Mama ana presha na umri umekwenda. Mwingine hayupo.

Tangu jana sinywi kitu baada ya chakula cha mchana. Midomo imekauka, ulimi umekuwa gome. Na bado nakwenda! Maji haya yanatoka wapi?

Jumapili, 10 Machi

Binamu alinipokea zamu jana, nikalala nyumbani. Kabla ya kulala nikanywa jagi zima, makusudi, nijue moja. Nikalala fofofo. Sikuamka hata kidogo! Kibofu kimenisukuma jua likiwa limeshaingia dirishani.

Sielewi. Sukari gani hii inayopumzika Jumamosi?

Nimezunguka karakana siku nzima bila kushika sindano. Nikisema, wataahirisha, na Chiriku amechoka kuliko anavyoonyesha. Nikinyamaza na kumbe ndiyo yenyewe, nitakuwa nimempa mdogo wangu mzigo mbovu. Mficha maradhi kifo humuumbua – na hapa si mimi tu nitakayeumbuliwa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimesema. Nimemwambia nesi wa usiku, yule mrefu mwenye sauti ya chini. Hakushtuka. Akanichoma kidole, akatazama kimashine chake, akasema sukari yangu haina neno, ila asubuhi atarudia kabla sijala. Halafu akaniuliza kama nadhani yeye anasalimika na hilo. Zamu nzima, manesi wanapishana mlangoni pa choo, hata wasiokunywa chochote.

Akaniketisha, akanieleza. Eti usiku ukiingia ubongo unatuma ujumbe kwenye figo: punguzeni. Mtu akilala, presha ya damu nayo inashuka, chumvi inayotoka inakuwa kidogo, maji yanabaki mwilini, mkojo unakuwa mchache na mzito. Ndiyo maana tunafika asubuhi. Lakini ukikesha, presha haishuki inavyotakiwa, ule ujumbe nao unalegea. Chumvi inatoka, maji yanaifuata. Figo zinachapa kazi kama mchana, hata ukiacha kunywa.

Nimerudi kwenye kiti changu cha waziri nimeduwaa.

Miaka yangu yote nimelala nikidhani kulala ni kutofanya kitu. Kumbe kila usiku kuna kazi inafanyika humu ndani, kwa ustadi huo, ili tu mimi nisiamke! Hakuna aliyeniambia. Sikuwahi kutoa hata asante. Nimeweka kiganja kiunoni, upande wa kushoto, ile watakayoitoa. Nikaiacha pale muda mrefu. Nina hofu na nina heshima, vyote pamoja, na sijui kipi kimezidi.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi sukari imepimwa tena. Safi! Daktari naye amepitisha. Mama amepiga vigelegele kwenye simu mpaka ikakwaruza.

Nimemhadithia Chiriku yote ya nesi. Akanyamaza. Chiriku – kanyamaza! Nikadhani nimemkosea.

"Kwa hiyo hata zangu zilikuwa zinanilinda nilale," akasema baadaye. "Na mimi nilikuwa nakesha kwenye simu, nazichosha."

Nikamwambia si simu iliyoziua, ni ugonjwa. Akasema anajua. Akasema hii yangu ataitunza, ataiwahisha kitandani kama mtoto wa shule.

Jumatatu, 18 Machi

Kesho. Hawaruhusu kula.

Jumatano, 20 Machi

Niko hai. Naandika nimelala, mwandiko umepinda. Ubavu unawaka moto nikikohoa, nikicheka ndiyo usiseme. Wametoa mpira wa mkojo mchana, nimekwenda chooni mwenyewe nikijishika ukutani. Figo moja, na imenitosha! Nilisimama pale nikitazama, nusura nilie. Iliyobaki imeshajua kwamba iko peke yake.

Ila mfuko wa mkojo wa Chiriku hauna kitu. Tangu jana. Daktari anasema figo nyingine huanza kazi pale pale mezani, nyingine huzubaa siku kadhaa. Chache haziamki. Hilo la mwisho alilisema akifunga mlango.

Alhamisi, 21 Machi

Alfajiri. Sijalala. Maumivu, na mawazo. Nimeinuka mara kwa mara, kama kule kwenye kiti.

Chiriku yuko chumba cha pili, ukuta huu ni ubao tu. Wamempa dawa za usingizi. Limenijia wazo la kipumbavu: labda figo yangu imeona mwenyeji wake mpya amelala, ikapunguza, maskini, inatii amri. Inamtunza asiamke. Nataka kugonga ukuta niiambie: leo usitii, wewe umenizoea mimi, tumekesha wote!

Mama yuko naye. Namsikia anakohoa kile kikohozi chake cha wasiwasi.

Sasa sauti nyingine. Chiriku! Ameamka, anauliza jambo, sauti nzito ya dawa. Haachi kuuliza. Nesi mrefu anamjibu, siyasikii maneno. Viatu. Kitu cha plastiki kimegusa chuma cha kitanda. Mama ameacha kukohoa.

Kuna maji yanamiminwa. Kwenye jagi la kupimia, au kwenye beseni, ubao unaficha. Labda anamwosha uso tu. Yanamiminwa bado. Yanaanza kwa sauti nyembamba, kisha inajaa, inajaa –

Hilo si bomba.

Nimeshusha miguu chini. Nashika ukuta, na kalamu bado iko mkononi.