Kinanda Chako Kinauzwa Jumamosi

Dada Mwajuma, shikamoo.

Daktari wa macho aliyepita Rulenge alisema siku nne zilizopita kwamba wifi yako Zuhura lazima afike Mwanza Jumanne ijayo, apasuliwe. Jicho la kushoto limeshapotea. La kulia, kwa maneno yake, “halina subira ya mwezi mwingine.” Nimeanza na hilo kabla ya kukuuliza hali, unisamehe. Kifua chako kimepoa? Hapa kambini mimi ni mzima, ila usingizi sina.

Habari ya pili ni kwamba nimekiuza kinanda. Najua ulikinunua kwa dagaa wako wa Rumonge, na mimi ulinipa nichezee harusi tu, hukunipa kiwe mali yangu. Nilikivusha mpakani nimekibeba kichwani, kimefungwa kwenye kanga yako. Barua hii ikikufika kitakuwa kwa mtu mwingine. Sikuwa na njia ya kukuuliza kwanza.

Sokoni hapa hakuna mwenye haja ya kinanda. Watu wanauza mablanketi wanunue sabuni. Mama Koku, mama lishe wa nje ya geti, ndiye aliyeniambia vyombo vya muziki siku hizi vinauzwa kwenye simu. Laini ni yake, kwa sababu mimi mkimbizi, kwa jina langu sisajiliwi. Tulikaa kwenye benchi lake siku mbili tukilinganisha. Soko la kwanza kuweka tangazo ni bure, lakini usipolipa kila siku tangazo linazama chini na hakuna anayeliona. La pili linakata asilimia kumi. La tatu ni kundi la wapiga vyombo, lina dalali anayekata asilimia kumi na mbili.

“Kumi na kumi na mbili, hata mtoto wa chekechea anajua,” akasema Mama Koku. Nikachagua la pili.

Bei nikaandika milioni moja. Wewe unanijua, dada, na ni wewe uliyenifundisha pale mwaloni ulipouza dagaa: taja ya juu, mtu apate pa kushusha. Akapiga simu Mwalimu Deogratias, mwalimu wa kwaya ya kigango kimoja huko Biharamulo. Tukavutana nusu saa, tukaafikiana laki tano. Akabonyeza kukubali. Hapo ndipo ujumbe ulipoingia: ada ni laki moja. Nikasoma masharti upya, mstari kwa mstari. Asilimia yao wanaikata kwenye bei iliyoandikwa, si kwenye pesa uliyolipwa. Na ukifuta tangazo baada ya mtu kukubali, unatozwa ileile.

Dalali, anayekata kwenye pesa uliyolipwa, angechukua elfu sitini tu. Nauli na upasuaji ni laki nne na thelathini. Mimi nitabaki na laki nne kamili.

Nilipomweleza Zuhura, akacheka. “Bwana bei ya juu,” akasema. “Safari hii soko lenyewe limeishika bei yako, halikushusha.” Halafu akageukia ukutani.

Nikampigia Mwalimu nikamwomba aongeze. “Ndugu yangu, hizo nimezichangisha kwa waumini, wengine wametoa maharage,” akajibu. “Siongezi hata mia. Lakini wanakwaya wangu kinanda hawajawahi kukigusa. Njoo nacho, Jumapili utupigie misa zote mbili. Nitapitisha kikapu, elfu thelathini haikosekani.”

“Mimi Muislamu, Mwalimu.”

“Vidole vyako vina dini gani?”

Nimekubali. Shida iliyobaki ni karatasi. Kibali changu cha kutoka kambini kinaisha Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Cha matibabu, cha Zuhura na msindikizaji wake, kinaanza Jumatatu. Jumapili haimo kwenye chochote. Nikikamatwa njiani siku hiyo nitarudishwa, na Zuhura haoni hata hatua tatu mbele. Peke yake Mwanza hafiki. Nimemwambia nisiende misani, tukope. Akauliza nitakopa kwa nani humu, nitaje jina moja.

Nisalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi anayekaa kwako. Kanga yako nimeibakiza, sikuiuza. Mama akiuliza habari za jicho, usimfiche.

Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya vibali, kuomba hiyo siku moja. Jumamosi saa nne Mwalimu atanikuta stendi ya Nyakanazi nimekishika kinanda, tupande gari la Biharamulo. Misa ya kwanza ni Jumapili saa moja. Wakinipa karatasi au wakininyima nitapiga, na basi la Mwanza linaondoka Nyakanazi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, na Zuhura, ambaye Mama Koku atamfikisha hapo, nimeshamwekea kiti.

Mdogo wako,
Ramadhani