Mbwa wa Madame Lusi Aliyesahau Kubweka

Kisangani, Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri

Mama yangu mpendwa,

Asalam aleikum. Barua hii ikukute umekaa mbele ya nyumba, kikombe cha chai mkononi, na mguu wa kushoto umekupa nafasi ya kupumzika. Ile dawa ya kupaka niliyokutumia umeitumia, au umeigawa tena kwa jirani? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, na kazi ya posta inaendelea tangu milango ilipofunguliwa.

Barua yako niliipokea Jumatatu kutoka mkononi mwa mlinzi wa treni. Ilikuwa fupi, lakini maneno mawili matatu yalikuwa mazito. Umesema muuza samaki mmoja alirudi Ubundu akakuambia, "Mutoto yako anaishi na imbwa ndani ya nyumba, sawa mundele, muzungu kabisa." Na unauliza kama ni kweli, na kama ni kweli, sala zangu nasalia wapi.

Mama, ilikuwa kweli. Sasa si kweli tena, maana mbwa amekwenda Ubelgiji kwa ndege. Nimefungua daftari langu, lile ninaloandika kila siku tangu nilipokuwa shuleni, ili nikueleze kwa utaratibu. Kuna jambo nililokuficha mwaka mzima, na siwezi kulisimulia bila mbwa huyo. Mdogo wangu Saidi anayekusomea asiruke mistari.

Mbwa alikuwa wa Madame Lusi, mwalimu wangu wa jiografia. Vita vilipokaribia mji, wageni waliokuwa wakiondoka kwa ndege waliruhusiwa mfuko mmoja kila mtu. Madame alikuja nyumbani kwangu asubuhi, ameshika kamba, na mwisho wa kamba yuko Miro: rangi ya kahawia, masikio marefu, pua imelowa. "Ni kwa wiki mbili tu, Ramazani," aliniambia. Mwalimu aliyenifundisha nikapata kazi, ningemjibu nini? Nilimfunga mbwa nje, chini ya paa la jiko. Sala zangu nilizisali chumbani, mlango umefungwa.

Wiki mbili hazikuisha. Wenye bunduki waliingia mjini, wakaanza kuwatafuta watu wa kalamu: makarani, walimu, yeyote mwenye viatu vya ofisi. Nilikutumia salamu kwamba niko salama kwa mjomba, kwa Tonton Asumani. Hilo halikuwa uongo. Sikukuambia tu kwamba nilikuwa nyuma ya mbao.

Unajua karakana ya Tonton, jinsi anavyoegemeza mbao zake ukutani zikauke. Nyuma ya mbao hizo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kukaa, magoti kifuani. Miro alinifuata huko. Mkewe, Tantine Zubeda, alimfukuza kwa ufagio siku nzima na jioni akarudi. Basi alikaa nami, na hofu yetu ikawa moja: akibweka, nimekwisha.

Nilimfundisha kwa siku nne. Nilimwekea kiganja juu ya pua nikasema, "Nyamaza," na sikuuondoa mkono mpaka Tantine alipotuita. Yeye alishinda uwanjani akifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Watu wale wakishapita na kupotea kwenye kona, aligonga mbao mara tatu kwa mti wa ufagio na kusema, "Bamekwenda." Hapo nilimwachia pua, na Miro alibweka kidogo, kama mtu aliyezuia kikohozi msikitini mpaka sala ikaisha.

Siku moja waliingia uwanjani kabisa. Mmoja alikaa juu ya gogo mbele yetu akaomba maji. Nilikiona kisigino chake kwenye upenyo, karibu kiasi cha kukigusa. Miro alikiona pia. Manyoya yake yalisimama chini ya mkono wangu, mwili wote ukatetemeka, na hakutoa sauti. Yule mtu alikunywa, akamshukuru Tantine, akaondoka.

Ndiyo sababu, Mama, vita vilipokwisha sikumrudisha chini ya paa la jiko. Alilala ndani, karibu na mlango. Nguo za kusalia niliziweka mbali naye, na alipozigusa niliziosha mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyotufundisha. Lakini ndani alilala.

Kisha barua ya Madame ikaja: yu hai, anakaa peke yake kwenye nyumba ya ghorofa, na kama Miro yu hai pia, je, ningeweza kumtuma? Safari ameshaipanga kwa upande wake. Kwangu vilitakiwa vitu viwili, cheti cha afya na sanduku. Ilinichukua siku tatu kujibu. Siku ya kwanza nimeandika kwenye daftari: "Niseme amekufa?" Siku ya pili nimelifuta. Siku ya tatu nilikwenda kutafuta cheti.

Daktari wa wanyama alikuwa hajarudi. Msaidizi wake, kwenye machinjio, alikuwa na muhuri mmoja tu, ule wa nyama. Aligonga, akakata kwa kalamu maneno "inafaa kuliwa," na juu yake akaandika kwa mwandiko mzuri, "inafaa kusafiri."

Sanduku alilitengeneza Tonton. Unamjua: mtaa mzima unasema mlango wake haupitishi hata moshi. Alisimama mbali, penseli sikioni, akanirushia kamba.

"Pima weye. Miye nimekwisha kutawadha. Akinigusa na ile pua ya maji, nitaanza tena mara saba."

"Tonton, huyu haiko na ubaya."

"Sijasema iko na ubaya. Nimesema iko na mate."

Nilifunga fundo kwenye kamba kutoka pua hadi mkia, na jingine kutoka chini hadi sikioni. Tonton alichagua mvule mkavu. Alifanya kazi siku tano, akapiga randa, akaunganisha pembe bila msumari, akapaka mafuta, akaweka kitasa cha shaba alichokuwa amekitunza kwa mlango wa bwana mmoja. Majirani walikuja kuangalia. Mmoja akasema angetaka kuzikwa ndani yake. Tonton alimwaga maji juu ya kifuniko mbele yao, halikupita tone. Sote tulipiga makofi, Mama. Mimi na shule yangu yote nilipiga makofi pia.

Asubuhi ya safari nilimpa Miro lituma, ndizi za kuponda, na kichwa cha samaki, nikamwingiza, nikaweka kiganja juu ya pua yake. "Nyamaza," nilisema, maana mwenye lori alikuwa mwoga wa mbwa. Tulifunga. Njia nzima hadi uwanja wa ndege hakusikika, na Tonton, aliyekaa juu ya magunia ya mchele, alikuwa akisema, "Ona adabu. Hata batu wa bateau ya mtoni hawasafiri hivi."

Mpokea mizigo, Papa Bolamba, mzee mnene mwenye kofia, alilizunguka sanduku mara mbili. Alipitisha kidole kwenye pembe.

"Ndani iko nini?"

"Imbwa," nilijibu.

Aligonga. Kimya. "Fundi, hii kazi iko nzuri sana. Donc, imbwa anapumua na ruhusa ya nani?"

Sisi wote, fundi, karani na majirani, hakuna aliyefikiri tundu moja.

Aliyefungua kitasa si mimi. Mimi nilisimama na karatasi mkononi. Ni Tonton aliyepiga magoti, akaingiza mikono yote miwili, akamtoa Miro amelegea kama nguo mbichi, ulimi nje. Alimbeba kifuani hadi mahali penye upepo, kwenye kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akamsugua mbavu, akampepea kwa kofia. "Pumua, mutoto. Pumua, papa. Usinifanyie hivi, papa." Nilileta maji kwa viganja. Tonton alimlowesha uso. Muda ulikuwa mrefu; daftari langu halisemi ni dakika ngapi, na hilo halijawahi kunitokea. Kisha Miro akapiga chafya, yote ndevuni mwa Tonton.

Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini. Papa Bolamba akasema, "Bon! Sasa ni mara saba, fundi!"

"Nitahesabu nikifika nyumbani," Tonton alijibu, macho yamejaa maji. "Leteni kekee."

Waliipata kekee ya kutobolea kwa fundi wa uwanja. Tonton alitoboa mvule wake mzuri pande zote nne, matundu mengi kuliko yaliyohitajika, vumbi la mbao likimrukia usoni. Nilipomrudisha Miro ndani, wapakiaji walirudi nyuma, wakauliza kama anauma. Kwa hiyo nilimwekea mkono puani nikamwambia tena, "Nyamaza." Aliniangalia. Ndege iliondoka kwenda Leopoldville, na huko wangempandisha nyingine.

Madame aliandika kwamba Miro amefika. Anakula, analala miguuni pake, anamtambua. Lakini, alisema, habweki. Kengele ikilia, mtu akigonga, paka akipita, yeye hujibana ukutani na kutetemeka. Daktari alimwangalia kooni, hakuona kitu. "Ramazani, alikuwa mgonjwa kwenu?"

Nilichukua daftari nikatafuta. Siku ya vita kwisha mtaani kwetu nimeandika: "Watu wanaimba barabarani. Nimetoka nyuma ya mbao." Sikuandika kwamba Tantine aligonga, kwa sababu hakugonga. Yeye pia alikuwa amekimbilia barabarani, na ufagio umelala uwanjani. Kutoka siku ile hakuna ukurasa wowote unaosema Miro alibweka. Mimi nilidhani amekuwa na adabu. Na ndani ya sanduku, Mama, angeweza kulia tukamsikia. Hakulia kwa sababu nilimwambia asilie. Nilimtuma ng'ambo bado amejificha.

Nilimwandikia Madame usiku uleule wa barua, na Tantine aliketi kando yangu akilisema neno polepole ili niliandike kwa herufi za Kifaransa. Gonga mbao mara tatu, kwa mti wa ufagio. Kisha sema: bamekwenda.

Jibu limefika Alhamisi. Alikuwa na haya, anasema, mwanamke wa umri wake kugonga meza kwa ufagio. Mara ya kwanza alikosea, Miro akainua sikio moja. Mara ya tatu Miro alisimama katikati ya chumba, akabweka, akaendelea, mpaka jirani wa juu akashuka na kandambili kuuliza kuna nini. Madame hakumwomba msamaha. Nilimsomea Tonton karakanani, akageuka kupiga randa ubao uliokwisha kuwa laini.

Nisalimie Saidi msomaji, na shangazi aliyenifundisha kushika kalamu. Nisalimie babu muadhini. Mwambie sauti yake naikumbuka asubuhi. Na muuza samaki yule msalimie pia, umwambie habari yake ilikuwa sahihi ila imechelewa. Tonton na Tantine wanakusalimu kwa mikono miwili.

Nimepata ruhusa ya siku sita, nitakuja na treni ya mwezi ujao. Kazini mkubwa wangu hunikemea kila siku, "Karani, paza sauti, watu wa dirishani hawakusikii." Najaribu, hainitoki. Nafunga mlango polepole, nakohoa kwenye mkono. Kwa hiyo nina ombi. Nikishuka kwenye treni, kabla hujaniuliza kama nimekula, kabla hujasema nimekonda, chukua fimbo yako, gonga ubao wa benchi mara tatu, uniambie.

Mwanao akupendaye,
Ramazani