Kwa Nini Sikumvuta Lise

Kambi ya Askari, Base ya Kamina,
Haut-Lomami.
Tarehe 18 Agosti 2024

Mpendwa dada yangu, yaya Bibiche,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Jessé na watoto wote. Je, Théo amepona mguu ule alioungua na uji? Mama aliposikia habari hiyo hakula siku nzima. Sisi huku ni wazima. Vumbi ni jingi mwezi huu na nusu ya kambi inakohoa, lakini mama hajambo. Baba alipiga simu kutoka operesheni, na sauti yake ni nzuri.

Barua hii anaileta Mama Cathy, jirani yetu, anayepanda treni ya Kindu kumfuata mume wake. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwa simu ungenikatiza. Ulinitumia ujumbe kwamba niwaombe msamaha Lise na baba yake. Ulisikia habari kwa watu wa mjini. Sasa usikie na kwangu, halafu useme unalotaka kusema.

Wewe uliolewa kabla sijapanda baiskeli na kuanza mashindano ya kinga, kwa hiyo Lise unamjua kama mtoto wa shule tu. Ni binti wa Papa Abner, prezida wa klabu yetu ya baiskeli. Ni watu wa mjini, watu wa shule na kanisa, wenye nyumba ya matofali na maua mlangoni. Mimi na Lise tulikuwa tunafanya mazoezi pamoja kila asubuhi kwenye barabara ya Kabongo, na tukirudi alikuwa anakula kwetu. Mama alikuwa anamtengea samaki wake kabla ya kutia pilipili, maana Lise hawezi pilipili.

Mwaka jana klabu ilitaka kuchagua msichana mmoja wa kwenda kwenye mchujo wa taifa. Mimi ndiye niliyekuwa na mbio kumpita. Basi Lise akasimama mbele ya kamati, akasema nimepita umri wa vijana, kwamba baba alinipunguzia miaka. Alijua ni uongo. Tulianza shule ya msingi siku moja, benchi moja.

Kamati ikamwita mama. Hilo mama hakukuambia kwa sababu anaona haya. Walimsimamisha katikati ya ukumbi, mbele ya wanaume na vijana wote wa klabu, wakamwuliza nilizaliwa lini. Akasema. Papa Abner akamwuliza, "Na mwaka ule bwana yako alikuwa wapi?" Mama akajibu kwamba alikuwa vitani, mashariki, na kwamba alipata likizo mara moja tu. Wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole, yaya, kama kweli mimi ni mtoto wa baba, pale pale mbele ya uso wake. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mama alijibu kila walichouliza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia yangu ya kinga mkononi.

Nikaachwa. Lise akaenda. Tangu hapo, mama akipita soko la mjini na beseni lake la samaki wa Bukama, wanawake wa pale walikuwa wanainua mikono na kuhesabu vidole bila kusema neno. Akaacha kwenda. Sasa anauza hapa kambini tu, ambapo kila njia ina muuza samaki wake.

Nilitaka kwenda kumpiga Lise. Mama alinikataza, akasema binti wa askari akipiga mtu mjini, kambi nzima inatukanwa. Nikamtii. Nikasema moyoni, vizuri, nitangoja. Mwaka mzima nilipanda barabara ya Kabongo peke yangu, na kila mlima niliukanyaga kama unaitwa Lise.

Mwaka huu alikuja kocha mpya kutoka Lubumbashi. Hakujua habari zetu wala hakuuliza, alitazama mbio tu. Akatuchukua sote wawili kwenye timu ya kwenda Zambia, kwenye mashindano ya Afrika ya vijana. Njiani Lise alitaka kuzungumza nami kwenye basi. Nikajifanya nimelala.

Siku ya mbio kulikuwa na baridi, na upepo unatupiga usoni. Kwenye mzunguko wa mwisho, mlimani, Lise aliruka akaacha kundi, na mimi nikamshika. Tukawa wawili mbele ya Afrika nzima, Kongo na Kongo. Kocha akatufikia na gari, akatoa kichwa dirishani: "Mushike zamu! Medali mbili njo hizi!"

Pengine hujui mambo ya kinga. Wa mbele ndiye anayekata upepo, na wa nyuma yake anapumzika. Wawili wakipeana zamu, ni shida kuwafikia. Lakini mmoja akikaa tu nyuma ya gurudumu la mwenzake, yule wa mbele anakwisha.

Lise alisogea pembeni ili nipite mbele. Sikupita. Akasogea tena.

"Léa, vuta."

Nikakaza macho kwenye gurudumu lake.

"Léa, banatufikia. Vuta hata kidogo."

Nikamwambia, "Sema kwanza. Miaka yangu iko ngapi?"

Alivuta peke yake muda mrefu, mpaka nikaona mabega yake yanayumba. Halafu akasema bila kugeuka, "Papa njo alinituma. Minyi nilimuogopa."

"Weye ulijua iko uongo?"

"Nilijua."

Yaya, nilikuwa nimengojea neno hilo mwaka mzima, na lilipokuja halikunishibisha. Niliona vidole vile vya ukumbini. Nikakaa pale pale, nyuma ya gurudumu lake.

Walitufikia tukiwa tunaona mwisho. Wasichana watatu walitupita pamoja. Lise alijaribu kuwafuata, miguu ikakataa. Yangu ilikuwa mizima, ningeweza kwenda nao. Lakini nilikuwa namtazama Lise, nilitaka kuuona uso wake, na nilipoinua macho wale walikuwa wameshakwenda. Nilifika wa nne, yeye wa tano. Nilikanyaga kiasi cha kuhakikisha hilo tu.

Sitakudanganya: wale watatu walipopanda jukwaani, nilijua nafasi mbili pale zilikuwa zetu. Lise alikuwa amekaa chini kando ya barabara analia. Nikampita, nikaenda kutafuta maji.

Wiki iliyopita Papa Abner alikuja hapa kambini na watu wawili wa kamati, na mmoja ndiye yule aliyecheka. Mama alikuwa nje anachambua maharagwe. Akawapa viti, akawapa maji. Papa Abner alisema sana: kwamba nimeuza nchi, kwamba nipige magoti mbele ya klabu nimwombe Lise msamaha, la sivyo watanifungia na sitapanda tena kwa jina la Kamina. Mama alichambua mpaka akamaliza. Ndipo akasema, "Papa Abner, mwaka jana mulinisimamisha mbele ya bantu, nikajibu yote. Leo niko kwangu, na sina jibu. Mukimaliza maji, njia iko pale."

Walikunywa maji yao yote, taratibu, macho chini. Kisha wakaondoka.

Najua utasema sisi ni watu wa Mungu. Pasta pia amesema, na nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamjibu hivi: siku Papa Abner atakaposimama katikati ya soko la mjini, mbele ya wanawake wale, na kusema alimzulia mama, siku hiyo nitapiga magoti. Asipofanya, wanifungie. Mama hajarudi soko lile mpaka leo, yaya. Sasa mimi niombe msamaha wa nini?

Lise amenipigia simu mara nyingi. Sijapokea.

Nisalimie shemeji Jessé, Théo, na tantine Élisa ukimwona kanisani. Mama anakukumbatia, anasema ujitunze na mimba hiyo na uache kubeba maji mwenyewe. Bwana akae nyumbani mwenu na awape usingizi mzuri. Na mimi anivumilie kidogo, maana na watu wale bado sijamaliza.

Mdogo wako akupendaye daima,
Léa